Kwenda Uingereza kusoma Kiingereza: ya kufanya kabla hujapanda ndege

"Kaka, naanza na viza au naanza na shule?" "Nikimaliza lugha, si naunganisha chuo hukohuko?" "Nikifika nitapata kibarua cha kujikimu?" Maswali haya nayapata kila mwaka, tena mengi yanatoka kwa watu ambao tayari wameshamlipa mtu. Inaniuma, kwa sababu majibu yake yangewaokolea pesa nyingi kama wangeyapata wiki moja mapema. Nayaandika hapa kwa mpangilio wa kazi yenyewe ilivyo.

Mwongozo huu ni wa anayekwenda kusoma Kiingereza peke yake, kwenye shule ya lugha, kwa miezi kadhaa. Wa digrii ana njia nyingine na viza nyingine. Nimechukua Uingereza kwa kuwa ndiko nilikosoma. Nimeandika nikimfikiria kijana wa Tanzania, lakini wa Kenya, Uganda, Rwanda, Burundi na Kongo karibu yote yanamhusu. Penye tofauti nimesema.

Shika neno moja kabla hatujaanza. Ukienda kusoma lugha, unachonunua ni saa: saa za darasani na saa za kuzungumza nje ya darasa. Tiketi, viza, chumba na koti ni nauli ya kuzifikia hizo saa. Yote nitakayokuambia yana shabaha hiyo, saa zako zisipotee.

Uwe na nini mkononi

- Umri wa miaka 16 au zaidi.
- Pasipoti ambayo haitaisha kabla hujarudi. Kwa Tanzania, pasipoti ya kielektroniki inaombwa mtandaoni kupitia Uhamiaji, nawe uwe na kitambulisho cha NIDA na cheti cha kuzaliwa.
- Vyeti vya shule, halisi na nakala.
- Mlipaji anayejulikana: wewe mwenyewe, mzazi, mjomba au mwajiri. Awe na akaunti ya benki yenye historia.
- Anwani moja ya barua pepe na namba moja ya simu, utakazotumia kwenye karatasi zote tangu mwanzo hadi mwisho.
- Muda. Jipe miezi sita. Wa miezi miwili nimewaona, na wengi walikosa tarehe ya kuanza kozi.

Hatua ya 1: Jua uko ngazi gani

Shule zote zinapima kwa ngazi za Baraza la Ulaya: A1 na A2 za wanaoanza, B1 na B2 za kati, C1 na C2 za juu. Kwenye tovuti za shule na za Cambridge English, watunga mitihani ya Kiingereza, kuna majaribio ya bure. Fanya mawili tofauti, bila kamusi na bila ndugu pembeni.

Hapa Watanzania wengi tunajidanganya bila kukusudia. Tumesoma sekondari kwa Kiingereza miaka minne, tumejibu mitihani ya baiolojia na jiografia kwa Kiingereza, kwa hiyo tunajiona tuko katikati. Jaribio la kusoma litakuambia B1. Mdomo wako huenda uko A2, kwa sababu darasani tulinakili ubaoni na kukariri, na mapumziko tukarudi kwenye Kiswahili chetu. Andika ngazi mbili kwenye karatasi, ya macho na ya mdomo. Utakayopangia safari ni ya mdomo.

Hatua ya 2: Piga hesabu ya saa kabla ya hesabu ya pesa

Makadirio ya Cambridge English kwa anayeanzia sifuri ni haya: kufika A2 ni saa 180 hadi 200 za kufundishwa, B1 ni 350 hadi 400, B2 ni 500 hadi 600, C1 ni 700 hadi 800. Ni makadirio, wapo wanaokimbia na wanaochelewa, lakini yanatosha kupangia.

Sasa soma vizuri tangazo la shule. Likisema "vipindi 20 kwa wiki", uliza kipindi ni dakika ngapi. Shule nyingi hutumia dakika 45, na vipindi 20 vya dakika 45 ni saa 15 tu. Kwa wiki 24 utapata saa 360. Anayeingia akiwa A2 kamili, saa hizo zinaweza kumfikisha karibu na B2. Anayeingia na sifuri, wiki 13 za mwanzo zote zitaishia kwenye salamu, tarakimu na siku za wiki, vitu ambavyo angejifunza Mwanza au Bujumbura kwa sehemu ndogo sana ya pesa hiyo.

Hatua ya 3: Anza nyumbani, leo

Ndiyo hatua inayorukwa kuliko zote, na ndiyo inayoamua utarudi na nini. Viza utaisubiri wiki kadhaa hata hivyo. Zitumie hizo wiki.

Kila siku, dakika kumi, rekodi sauti yako kwenye simu ukieleza jambo moja ulilolifanya siku hiyo. Usiandike kwanza. Sema, sikiliza, sema tena. Kisha dakika ishirini za kusikiliza. BBC Learning English wana vipindi vifupi vya bure vyenye maandishi yake: sikiliza mara ya kwanza bila kusoma, mara ya pili ukifuata maandishi, mara ya tatu ukisema pamoja na mtangazaji, hata kama unachelewa nyuma yake.

Midomo ya Waswahili ina mitego yake, na mwalimu wa Brighton hataijua kama unavyoijua wewe:

- Kiswahili kina irabu tano, Kiingereza kina nyingi zaidi. *Ship* na *sheep* kwetu ni sauti ileile, kwao ni meli na kondoo. Fanyia kazi jozi za aina hiyo, ishirini hivi, mpaka sikio lizitenganishe.
- Maneno yetu huishia na irabu, nasi huwaongezea na wao. *Book* linatoka "buku". Jisikilize kwenye rekodi, utajikamata.
- Mkazo wa Kiswahili hukaa silabi ya pili kutoka mwisho. Wa kwao unahama: *PHOtograph*, lakini *phoTOgraphy*. Ukikosea mkazo, hata neno sahihi hawalisikii. Kila neno jipya unaloandika, weka alama mahali pa mkazo.
- "Yeye" ni mwanamume na mwanamke. Utamwita mama yako *he* mbele za watu. Zoea mapema kwa kueleza watu wa familia yako, mmoja mmoja, kwa sauti.
- "Naomba maji" ina adabu ndani yake. Mtu anaitafsiri haraka, inakuwa *give me water*, na mhudumu anakunja uso. Beba *could I have* mdomoni kama unavyobeba "naomba".
- "Pole" haina mwenzake. Ukimwambia *sorry* mtu aliyejikwaa, atashangaa umekosa nini. Uliza *are you all right?*

Na saa. Ndugu yangu, saa! Kijana mmoja wa Tanga niliyesoma naye aliambiwa mtihani wa kupangiwa darasa ni *nine*. Sikio likasikia tisa, kichwa kikasema saa tisa. Alifika saa nane na nusu mchana, kanyoa, kapiga pasi shati, ana kalamu mbili mfukoni, na mlango wa chumba cha mtihani umefungwa tangu asubuhi. Weka simu yako kwa Kiingereza mwezi mmoja kabla, na kila unapotazama saa, isome kwa sauti kwa hesabu yao. *Nine* ni saa tatu.

Hatua ya 4: Chagua shule

Kwa viza ya Uingereza, kozi lazima iwe kwenye taasisi iliyoidhinishwa. Alama ya kutafuta kwa shule za lugha ni ithibati ya British Council. Usiitazame kwenye tovuti ya shule pekee. Nenda kwenye orodha ya British Council yenyewe uitafute kwa jina.

Kisha iandikie shule barua pepe, wewe mwenyewe, na uulize:

1. Kipindi ni dakika ngapi, na darasa lina watu wasiozidi wangapi?
2. Wanafunzi wa ngazi yangu kwa sasa wanatoka nchi gani hasa? Darasa la watu kumi wa lugha moja litakufundisha lugha yao.
3. Nikinyimwa viza narudishiwa kiasi gani, kwa ushahidi gani, baada ya siku ngapi?
4. Naweza kusogeza tarehe ya kuanza mara ngapi bila kulipa?

Jibu la swali la tatu lihifadhi. Litakufaa.

Kuhusu mji: London ni ghali. Kwa viza ya wanafunzi wa vyuo, serikali yao huweka kiwango cha pesa za kujikimu. Kwa kozi za kuanzia Januari 2025 kilikuwa pauni 1,483 kwa mwezi ukiwa London na pauni 1,136 nje ya London, na hupandishwa kila baada ya muda. Viza yako ni nyingine, lakini kiwango hicho ni kipimo kizuri cha bajeti. Tofauti ni pauni 347 kwa mwezi. Kwa miezi tisa hiyo ni ada ya wiki nyingi za masomo. Mimi humshauri mtu aende Bournemouth, Brighton, Manchester au Leeds, na London akaione wikiendi.

Hatua ya 5: Nyoosha majina

Chukua pasipoti, cheti cha kuzaliwa, vyeti vya shule na kadi ya benki, vilaze mezani kimoja kando ya kingine, usome jina herufi kwa herufi. Mwanahamisi kwenye cheti cha kuzaliwa, Mwanaamisi kwenye cha kidato cha nne. Majina matatu hapa, mawili pale. Ukiona tofauti, nenda kwa wakili ukaape kiapo kwamba majina hayo ni ya mtu mmoja, na kama kosa liko kwenye pasipoti, irekebishe kabla ya jambo lingine lolote. Barua ya shule, ile ya kukukubali kwenye kozi, itaandikwa kwa jina la pasipoti, herufi kwa herufi.

Karatasi isiyo ya Kiingereza inahitaji tafsiri iliyothibitishwa: mfasiri athibitishe kuwa tafsiri ni sahihi, aweke tarehe, jina lake kamili, sahihi na mawasiliano yake. Ndugu wa Burundi na Kongo, hii inagusa karibu vyeti vyenu vyote vya Kifaransa, pangieni bajeti. Watanzania nao wasisahau kwamba barua ya serikali ya mtaa imeandikwa kwa Kiswahili.

Hatua ya 6: Pesa ionekane ilikotoka

Ofisa wa viza anataka kuona kwamba ada, chakula na nauli ya kurudi vitalipika bila wewe kufanya kazi. Toa taarifa ya akaunti ya miezi sita. Kama analipa mjomba, aandike barua ya udhamini: yeye ni nani kwako, atalipa nini, anafanya kazi gani. Ambatanisha ushahidi wa kazi au biashara yake (leseni, mikataba, karatasi za kodi) na wa undugu wenu.

Kosa kubwa hapa ni kukopa milioni ishirini kwa wiki moja ili akaunti inenepe. Salio linalopaa ghafla linaonekana kwa jicho la kwanza. Kama pesa imeingia kwa mkupuo kwa sababu ya haki, mmeuza kiwanja au mmevuna korosho, weka hati ya mauzo na barua fupi ya maelezo.

Ada ilipe kwa benki, kwenda akaunti yenye jina la shule. Mtu akikuambia "tuma kwa namba yangu nitawafikishia", hapo funga mazungumzo.

Hatua ya 7: Kipimo cha kifua kikuu

Ukienda kwa miezi 6 au zaidi kutoka nchi zetu za Afrika Mashariki au Kongo, lazima uwe na cheti cha kipimo cha TB kutoka kliniki iliyoidhinishwa na serikali ya Uingereza. Cheti cha hospitali ya wilaya hakikubaliki, hata kama eksirei ni nzuri. Orodha ya kliniki iko kwenye tovuti ya gov.uk. Wengine mtalazimika kusafiri hadi mji au nchi nyingine, kwa hiyo tazama mapema.

Cheti hudumu miezi 6 tangu siku ya eksirei. Ukipima mapema mno kinaweza kuisha kabla hujatuma ombi. Ukichelewa, na eksirei ikaonyesha kivuli, utatakiwa kutoa makohozi yaoteshwe, na majibu yake huweza kuchukua hadi miezi miwili. Miezi minne kabla ya safari ndio muda ninaoupenda.

Hatua ya 8: Viza

Kozi ya Kiingereza ya zaidi ya miezi 6 hadi 11 ina viza yake, ya masomo ya muda mfupi. Kozi ya miezi 6 kushuka chini inaingia kwenye viza ya kawaida ya mgeni. Unaomba kupitia gov.uk, sio mapema zaidi ya miezi 3 kabla ya kusafiri, kisha unakwenda kituo cha maombi kutoa alama za vidole na picha. Kwa kawaida uamuzi hutoka ndani ya wiki 3. Ada ya viza hubadilika, isome hukohuko gov.uk siku unayoomba. Juu yake kuna ada ya huduma ya afya, ambayo kwa wanafunzi ni pauni 776 kwa mwaka tangu Februari 2024. Anayekwenda na viza ya mgeni hailipi, lakini anunue bima ya safari.

Soma masharti haya ya viza ya masomo ya muda mfupi mara mbili, na mzazi wako ayasome:

- Hairuhusiwi kufanya kazi yoyote, hata ya kujitolea, hata ya kujifunzia.
- Viza haiongezwi muda.
- Huwezi kuhamia kozi nyingine, wala kuibadilisha iwe viza ya chuo ukiwa ndani ya Uingereza. Anayetaka chuo anarudi nyumbani, anaomba upya.
- Mke, mume na watoto hawaji kwa viza hii.
- Unaruhusiwa kukaa muda wa kozi na siku 30 za ziada, ilimradi jumla isivuke miezi 11.

Kwa hiyo yule aliyekuambia "nenda kwanza kwa lugha, mengine yatajipanga" amekudanganya au hajui. Hao tunaowaita vishoka huuza ndoto kwa bei ya hakika. Wakala halali yupo, na shule yenyewe itakuthibitishia kwa barua pepe kama ni wakala wake. Ila asikujazie fomu usiyoisoma. Akiweka cheti cha kughushi au taarifa ya benki ya kutengeneza, jina litakaloungua ni lako: udanganyifu kwenye ombi unaweza kukufungia mlango wa Uingereza miaka 10.

Andika pia barua yako, ukurasa mmoja. Kwa nini Kiingereza, kwa nini sasa, kwa nini miezi hii na sio kozi ya hapa nyumbani, na ukirudi utakitumia wapi. "Nafanya kazi kwenye kampuni ya utalii Arusha, wageni wangu wengi wanazungumza Kiingereza, na mwajiri amenipa ruhusa ya miezi tisa" ina uzito kuliko aya tatu za kusifia elimu ya Uingereza. Iandike mwenyewe. Unaweza kupigiwa simu kuulizwa, na mdomo utashuhudia kama maneno ni yako.

Viza za sasa ni za kidijitali. Fuata barua ya uamuzi inavyokuelekeza kufungua akaunti yako ya UKVI, idara ya viza ya Uingereza, na hakikisha namba ya pasipoti iliyo humo ndiyo utakayosafiria. Tiketi isiyorudishwa pesa usinunue kabla ya viza.

Hatua ya 9: Mahali pa kulala

Kwa miezi miwili ya mwanzo, chagua familia mwenyeji kupitia shule. Mezani jioni utapata saa moja ya mazungumzo kila siku bila kulipia mwalimu. Kwenye fomu andika wazi: huli nguruwe, unahitaji nyama halali, unaswali, una mzio wa paka. Usione haya, ndiyo kazi ya hiyo fomu.

Nitasema jambo ambalo wengine hawalipendi. Kupanga chumba na Waswahili wenzako mwezi wa kwanza ni raha, kuna ugali na kuna utani, lakini saa zako za kuzungumza zinakwisha hapo. Watembelee Jumapili. Siku nyingine ishi na watu wasiojua "mambo vipi" ni nini.

Hatua ya 10: Mwili na begi

Meno na macho yatibu nyumbani. Hata aliyelipa ada ya afya hulipia daktari wa meno na miwani. Beba miwani ya pili.

Soketi za Uingereza ni za pini tatu kama za Tanzania, Kenya na Uganda, chaja yako itaingia bila adapta. Wa Burundi, Rwanda na Kongo nunueni adapta. Koti zito litafute kwenye mitumba, Karume au Gikomba, ambako bei yake iko chini kwa kuwa hakuna wa kulivaa kwenye joto. Viatu visivyopitisha maji ni muhimu kuliko koti.

Nyama na vitu vya maziwa, ikiwemo ile samli ya bibi, havipiti forodhani. Pilipili manga, iliki na majani ya chai weka. Ukibeba fedha taslimu pauni 10,000 au zaidi lazima uzitangaze, lakini usizibebe. Nenda na kadi mbili za benki zilizojaribiwa kwa malipo ya nje, kwani benki nyingi za kule husita kumfungulia akaunti mtu wa viza ya muda mfupi. Laini yako ya nyumbani iache hewani, kwa sababu namba za siri za benki zitakuja humo.

Barua ya shule, anwani ya malazi, cheti cha TB, barua ya mdhamini na ratiba ya kurudi vikae kwenye begi la mkononi. Ofisa wa uwanja wa ndege anaweza kuviomba wakati sanduku lako bado liko tumboni mwa ndege.

Hatua ya 11: Siku ya mtihani wa kupangiwa darasa

Nisikilize vizuri hapa. Siku yangu ya kwanza mwalimu aliniuliza safari ilikuwaje. Majibu nilikuwa nayo, nimeyapanga kwa Kiswahili, natafuta neno la kubadilisha ndege. Nilipolipata ameshahamia swali la pili. Nikatabasamu, nikasema *yes*. Akaandika kitu. Jumatatu nikajikuta na watu wanaojifunza kutaja rangi, na nikakaa humo wiki tatu kwa kuona haya kuomba nihamishwe. Saa 45 za jasho la baba yangu.

Kwa hiyo zungumza, hata kwa makosa. Neno likikukimbia, zunguka: *I went in one plane, then another plane in Doha.* Mwalimu anapima kama unaweza kufikisha jambo. Huko hakuna shikamoo, na mwalimu utamwita kwa jina lake la kwanza. Ataona kawaida kabisa ukimkatiza ukamwambia hujaelewa.

Ukikwama

*Viza haijatoka na kozi inaanza wiki ijayo.* Iandikie shule leo uombe kusogeza tarehe, na upate barua mpya yenye tarehe mpya. Usisafiri kwa barua ya tarehe iliyopita.

*Nimenyimwa viza.* Barua ya kukataliwa inataja sababu. Itafsiri sentensi kwa sentensi na uorodheshe ni ushahidi gani ulikosekana. Ukiomba tena na karatasi zilezile utapata jibu lilelile. Kama huombi tena, itume barua hiyo shuleni pamoja na yale masharti ya kurudishiwa pesa uliyohifadhi.

*Darasa ni jepesi, au ni gumu mno.* Nenda ofisi ya masomo ndani ya siku tano za kwanza. Sema unataka kujaribiwa tena. Wanapokea maombi hayo kila Jumatatu.

*Siwaelewi watu mitaani, darasani naelewa.* Ni kawaida, lafudhi ya Manchester si ya redioni. Chagua duka moja na kinyozi mmoja, uwe unarudi kwa walewale. Sikio huzoea sauti ya mtu kabla ya kuzoea lahaja.

*Nimeishiwa pesa.* Usichukue kibarua, hata cha usiku mmoja cha kuosha vyombo. Waambie nyumbani mapema na uombe shule ikukatie kozi fupi au ulipe kwa awamu. Kurudi na wiki 20 zilizosomwa vizuri kuna maana. Kurudishwa kwa kuvunja masharti kutaonekana kwenye kila ombi la viza utakaloandika baadaye.

*Siwezi kuamka, sitaki kuonana na mtu.* Desemba huko London jua linazama kabla ya saa kumi jioni, na mwili uliozaliwa karibu na ikweta haujui la kufanya. Toka nje mchana hata kama kuna mvua, usile peke yako, na shuleni kuna mtu wa ustawi wa wanafunzi, muulize mapokezi jina lake tangu wiki ya kwanza. Kama ulilipa ada ya afya, jiandikishe kwa daktari wa mtaa wako kabla hujaugua. Na nyumbani mpigie mtu mmoja kwa siku aliyopangiwa. Walioko Tanzania, Kenya na Uganda wako mbele yako kwa saa tatu wakati wa baridi na saa mbili wakati wa kiangazi, kwa hiyo mama ukimpigia saa nne usiku za kwako, utamwamsha.